Mstaafu na Gari la Kulalia: Mjadala wa Tukuyu

Barabara inayopanda kutoka mpaka wa Kasumulu, ikapita Tukuyu na kutokea Uyole, imezoea wageni wa aina fulani. Kiangazi kikianza, malori yaliyogeuzwa nyumba na Land Cruiser zenye hema juu ya paa hupita hapo yakitoka Malawi. Ndani mara nyingi wamo watu wawili wenye mvi, mume na mke, waliomaliza utumishi wao Ulaya na kufunga nyumba kwa mwaka mzima. Wanasimama sokoni, wananunua ndizi na parachichi, wanauliza njia ya Daraja la Mungu au ya Ziwa Ngosi, kisha wanaendelea na safari.

Mstaafu wa wilaya hii ya Rungwe naye husafiri, lakini safari zake huamuliwa na mambo ya wengine: msiba Kyela, harusi Dar es Salaam, rufaa ya hospitali Mbeya. Safari ambayo yeye na mwenza wake wameichagua wenyewe, ya miezi, isiyo na mgonjwa wala bibi harusi mwishoni mwake, bado haijazoeleka. Anayeitaja huulizwa kama kuna tatizo nyumbani. Mimi naamini ana haki nayo kamili. Naamini pia kwamba maandalizi yake yasipoanzia nyumbani, yatammalizia akiba kabla hajafika Makambako.

Sauti zinazofuata nimezitunga, ila barabara, sheria na hesabu ni za kweli. Tuwaweke wazungumzaji sebuleni, mtaa wa Bulyaga, jioni ya mwezi Machi, mvua ikipiga bati. Mwalimu amestaafu juzi tu. Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mwalimu, anamimina chai. Wapo jirani yao mkulima, fundi magari kijana, na muuguzi aliyestaafu kabla ya Mwalimu. Binti yao, mhasibu, anawasikiliza kwa simu kutoka Dar es Salaam.

MWALIMU: Nilipangiwa Sumbawanga nikiwa kijana, kisha Songea, kisha Tunduru, mwishoni nikarudishwa Mbeya. Nchi hii nimeiona kwa dirisha la basi, barua ya uhamisho ikiwa mfukoni na siku za kuripoti zikihesabika. Sijawahi kushuka mahali kwa sababu tu pamenipendeza. Nataka gari lenye kitanda, jiko na maji. Tuondoke na mama yenu, turudi tukiridhika. Nina miaka 60, na magoti bado yananitii.

JIRANI: Ndaga fijo kwa chai, Mama Mwalimu. Sasa Mwalimu, wewe ni ndugu yangu, niruhusu niseme wazi. Kwetu mtu akimaliza kazi ya serikali anarudi. Ndiyo maana tulikutunzia kiwanja. Baba zetu walipokabidhi nchi kwa vijana wao, kwenye ile sherehe ya ubusoka, walijisogeza pembeni wakawapisha. Walijisogeza tu, hawakupotea. Walikaa karibu ili waulizwe. Nani atakuuliza wewe ukiwa Mtwara?

MWALIMU: Baba zetu haohao, kaka, wakiwa wavulana wa miaka kumi hivi, walitoka nyumbani kwa wazazi wakaenda kujenga kijiji chao na wenzao wa rika. Mnyakyusa alianza kuhama akiwa mtoto. Iweje kuhama kwangu uzeeni kuwe jambo geni?

Hapa lazima niingilie, maana wote wawili wanasema kweli. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti katika nchi hii ya Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica cha 1951, Good Company, kinaeleza kwa kirefu vijiji vya marika na makabidhiano kati ya vizazi. Kuondoka kumo katika mila hii, na kupisha kumo. Kinachokosekana ni mtu kuishi peke yake. Kijana aliyetoka kwa baba yake alikwenda kula, kunywa na kuzungumza na wenzake wa rika, na heshima yake ilipimwa kwa namna alivyokaa nao. Wale wageni wenye mvi wanaopita barabarani kwetu huweza kukaa siku nyingi wao wawili tu, porini, wakasema wamepumzika. Wazee wetu wengi wangeona hiyo ni adhabu. Kwa hiyo nadhani safari ya mstaafu wa Rungwe itafanikiwa ikiandaliwa kama mlolongo wa watu wa kukaa nao, kutoka rika hadi rika. Na mtumishi wa umma aliyehamishwa nchi nzima anao watu hao tayari. Walimu wenzake wamestaafu Namtumbo, Masasi, Muheza. Wanafunzi wake ni madaktari na wafanyabiashara. Daftari la majina na namba za simu litengenezwe kabla ya kitanda cha gari.

JIRANI: Hilo nalikubali. Lakini kuna jambo halina daftari. Msiba. Wewe ni mkubwa wa ukoo sasa. Mtu akifariki Masoko au Kiwira, na Mwalimu hayupo, watu hawatasema yuko mapumzikoni. Watasema ametutupa. Na siku ya kwako?

Sebule inanyamaza kidogo. Swali hili lisipuuzwe na anayepanga safari akiwa Tukuyu. Kwa Wanyakyusa, maziko ni mahali ambapo undugu unahesabiwa upya: nani alikuja, nani alichimba, nani alilala matanga. Wapo watakaosema ni mzigo wa kizamani. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu ni mtandao huohuo utakaomlinda mama huyu akibaki mjane.

BINTI: Shikamooni tena. Baba, hapo mbona kuna njia? Wekeni fedha ya nauli ya basi ya watu wawili kutoka sehemu yoyote mtakayokuwepo mpaka Tukuyu, kwenda na kurudi, kwenye akaunti yake peke yake. Isiguswe hata gari likiharibika. Gari mnaliacha kwenye uwanja wa misheni au kituo cha polisi, mnapanda basi, mnazika, mnarudi.

JIRANI: Na mkiwa mbali sana?

BINTI: Kutoka Mtwara ni siku mbili kwa basi, Baba Mkubwa. Mimi nikiwa hapa Dar huwa sifiki mapema zaidi ya wao.

JIRANI: Basi iandikwe. Mtu wa ukoo aambiwe nani atamwakilisha Mwalimu siku ya kwanza kabla hajafika. Hilo likikamilika, sina neno la kuwazuia. Nina neno la kuwaombea.

BINTI: Bado mimi nina neno, na ni la fedha. Baba, mkupuo wako umeshaingia?

MWALIMU: Umeingia.

BINTI: Tuliweke wazi basi. Kanuni ni hii: miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Chukua mwalimu aliyefanya kazi miaka 35, yaani miezi 420, na wastani wake ukawa shilingi 1,600,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ya mwaka ni kama milioni 13.9. Tangu bajeti ya 2024, kwa kundi lenu lililozoea kupata nusu, asilimia 40 ya hiyo inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Inatoka kama milioni 69 na nusu. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12, kama shilingi 695,000 kila mwezi. Kwa kikokotoo cha 2022, cha asilimia 33, huyohuyo angepata mkupuo wa milioni 57 na ushee, na kila mwezi 776,000.

JIRANI: Kwa hiyo mkupuo umepanda na pensheni ya mwezi imeshuka.

BINTI: Ndiyo hapo ninapotaka Baba asikie. Ule mkupuo unaouona mkubwa umemegwa kutoka kwenye ugali wako wa miaka ijayo. Ukiununulia gari, umeendesha ugali barabarani.

Ugomvi wa kikokotoo watumishi wanaukumbuka vizuri. Mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, kanuni mpya zikashusha mkupuo hadi asilimia 25, malalamiko yakawa makubwa, na Desemba mwaka uleule Rais Magufuli akazisimamisha. Asilimia 33 ikaja Julai 2022, na miaka miwili baadaye ikapandishwa tena. Katika kelele zote hizo tulipigania ukubwa wa mkupuo. Tulizungumza kidogo mno kuhusu nini cha kufanya nao, na wastaafu wengi wameuona ukiyeyuka kwenye mabasi madogo, guest house zisizo na wageni, na mikopo kwa jamaa. Namwelewa binti huyu anapoogopa gari jingine.

BINTI: Tena kuna filamu ya 2020, Nomadland, iliyotokana na kitabu cha Jessica Bruder. Wazee wa Kimarekani wanalala kwenye magari na kuhama kutafuta vibarua vya msimu, wengi baada ya kupoteza nyumba na akiba kwenye msukosuko wa 2008. Picha zake nzuri, milima na machweo. Lakini wapo barabarani kwa sababu hawana pa kurudi. Sitaki Baba na Mama waingie kwenye gari wakiwa na mlango nyuma yao uliofungwa na mnunuzi.

MWALIMU: Nyumba hii siuzi, binti yangu. Wala shamba. Niambie kiwango.

BINTI: Robo ya mkupuo isivukwe, gari na matengenezo yake pamoja. Uendeshaji wote, mafuta, chakula, sadaka, utoke kwenye pensheni ya mwezi. Mwezi ukiisha na pensheni imeisha, simameni mlipo mpaka nyingine iingie.

Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote yaliyosemwa kuhusu fedha. Linawalazimisha kwenda polepole, na mzee mwenye haraka barabarani ni hatari kwake na kwa wengine. Hesabu ya mafuta yenyewe haitishi kama watu wanavyodhani. Mzunguko wa kupitia Njombe, Songea, Tunduru, Masasi na Mtwara, kupanda Lindi hadi Dar es Salaam na Tanga, na kurudi kwa Morogoro na Iringa, pamoja na kuingia kando hapa na pale, ni kama kilomita 4,000. Gari linalokwenda kilomita 6 kwa lita litakunywa lita 667. Dizeli ikiwa shilingi 2,800, ni kama milioni 1.87, ikigawanywa kwa miezi mitatu. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo hesabu inarekebishika njiani. Kinachomaliza wasafiri ni gari lenyewe. Fundi amekaa kimya muda mrefu, tumpe nafasi.

FUNDI: Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Mwalimu alinionyesha Coaster inayouzwa Mbeya. Coaster ni gari jema. Ile injini ya 1HZ ndiyo iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za hospitali na miradi, hata Tunduru utakuta fundi anayeifahamu na spea zake. Tatizo ni umri wake na kazi iliyofanya. Gari lililobeba abiria miaka mingi, bodi imeliwa na kutu chini, na kutu hupakwa rangi siku ya kuuza. Kwa robo ya mkupuo huwezi kupata Coaster nzima na ukabakiwa na fedha ya kuitengeneza. Mimi nasema Hiace ndefu ya dizeli. Godoro juu ya masanduku ya mbao nyepesi, vyombo na nguo ndani ya masanduku, pazia, jiko la nje. Basi.

MWALIMU: Nilitaka pa kusimama wima ndani.

FUNDI: Utasimama nje, Mwalimu, nchi hii nje ni pazuri. Sikiliza uzito. Tanki la lita 200 la maji ni kilo 200 kabla hujapanda wewe. Lita 80 zinatosha, maji utajaza kila mji. Vitu vizito vikae chini, katikati, vilingane kulia na kushoto. Ukifunga kabati zito upande mmoja, gari linaegemea, na kwenye kona za Kitonga utalijutia. Umeme: betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za taa, simu na friji ndogo. Paneli ya wati 200 kwa jua la saa tano hivi inazirudisha. Mtwara utakaa raha. Hapa Tukuyu wingu likituama siku tatu, friji inazima.

MUUGUZI: Hilo la friji nitalirudia.

FUNDI: Gesi: mtungi wa kilo 6, kwenye sanduku linalofunguliwa kwa nje, lenye matundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani inatuama sakafuni, palepale mnapolala. Breki nibadilishe zote kabla ya safari, na mafuta ya breki. Na gia unayopandia mlima ndiyo ya kushukia. Wengi wanaoua watu kwenye miteremko yetu wamekanyaga breki mpaka zikaungua.

JIRANI: Makaratasi je?

FUNDI: Ukibadilisha bodi au matumizi ya gari, TRA wajulishwe ili kadi isomeke sawasawa na gari, na trafiki walikague. Leseni ilingane na gari unaloendesha. Kwenye bima sema ukweli kwamba limebadilishwa, usipende unafuu wa kuficha. Mtungi wa kuzimia moto uwe hai, pembetatu ziwepo. Vijijini spidi ni 50, tochi ziko kila mahali, na kosa moja ni shilingi 30,000. Ndani ya Mikumi barabara inapita hifadhini kilomita 50 hivi. Ukigonga mnyama unalipa, na viwango vimeandikwa kwenye mabango. Usipite usiku. Tena usiendeshe usiku popote. Saa kumi jioni gari liwe limepaki.

Wapi litapaki? Nchi nyingine zina viwanja vya kambi kila baada ya mwendo mfupi. Sisi vinavyojulikana ni vichache, kama Kisolanza, kabla hujafika Iringa ukitokea huku, ambako wasafiri wa magari wamekuwa wakilala kwa miaka. Lakini tuna kitu ambacho wageni hawakioni: nyumba za wageni na viwanja vya makanisa. Tukuyu yenyewe ni makao makuu ya Dayosisi ya Konde ya KKKT, na Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891. Barua ya mchungaji wa nyumbani, yenye muhuri, humfungulia mzee geti la misheni karibu popote, na mlinzi yupo, na choo kipo. Kwa Mwislamu wa Kyela au Mbeya, barua ya msikiti wake hufanya kazi hiyohiyo pwani nzima. Laiti halmashauri zetu zingetenga hata uwanja mmoja kila wilaya, wenye bomba na taa, mstaafu akalipa kidogo akalala salama. Mapato yangekuwepo, na wale wageni wa Kasumulu nao wangesimama usiku mmoja zaidi.

MUUGUZI: Sasa nipeni mimi. Mwalimu, unatumia dawa ya presha. Mama Mwalimu anachoma insulini. Friji ikizima siku tatu, fundi, dawa yake inaweza kuharibika kimyakimya. Haibadiliki rangi wala harufu ya kukushtua. Kwa hiyo ama chombo cha baridi cha akiba, ama mpango wa kuiweka kwenye zahanati mnapofika. Dawa za miezi miwili mbele, zigawanywe mifuko miwili. Kadi ya NHIF ya mstaafu na mwenza wake ihakikiwe kabla ya kuondoka kwamba itapokelewa kwenye vituo mtakavyopitia.

MWALIMU: Tumezoea dawa, sista.

MUUGUZI: Malaria hamjaizoea. Hapa tuko zaidi ya mita 1,500, baridi inatulinda. Mtu aliyeishi Kyela au Lindi mwili wake umepigana na vimelea tangu utotoni. Ninyi mkishuka pwani ni kama wageni wa Ulaya. Homa ikianza, msiseme ni uchovu wa safari. Kipimo cha haraka siku hiyohiyo, na mseto umezwe mpaka mwisho. Chandarua chenye dawa kifungwe ndani ya gari, na madirisha yawekwe wavu. Halafu macho. Mwalimu, lini umepimwa mtoto wa jicho?

MWALIMU: Bado.

MUUGUZI: Upimwe. Na kila saa mbili gari lisimame, mtembee, miguu isivimbe damu ikaganda. Na nimalizie la aibu, maana hakuna anayelisema: mwanamume wa miaka 60 anaamka usiku kwenda haja, pengine mara mbili tatu. Kufungua mlango wa gari saa nane usiku, mahali msipopajua, ndipo hatari inapoingia. Wekeni choo cha ndoo chenye mfuniko ndani. Nimewauguza watu waliojeruhiwa kwa sababu ya aibu hiyo.

Mpaka hapa watu watano wamezungumza, chai imemiminwa mara mbili, na hakuna aliyemuuliza mwenye nusu ya kitanda. Nimeona mazungumzo mengi ya kustaafu yakienda hivi. Mume anatangaza ndoto, watoto wanahesabu, majirani wanapinga, na mke anatajwa kama mzigo utakaopakiwa au mlinzi atakayebaki.

MAMA MWALIMU: Mmemaliza? Mimi nimesafiri, baba. Sumbawanga nilikwenda na mtoto mgongoni. Songea nilifika nikiwa mjamzito. Kila nilipopanda mgomba, barua ilikuja kabla haujazaa. Huo ndio ulikuwa uhamisho wako, na mimi nilikuwa sehemu ya mizigo yake. Tuliporudi hapa nikapanda chai. Ni ya kwangu. Imeshika meza vizuri, juu imelingana, nachuma majani mawili na chipukizi, na ile fedha ya kituo cha kununulia hakuna aliyenipangia. Ng'ombe wangu wa maziwa anakatiwa majani asubuhi na jioni. Leo unasema tuondoke, kwa sababu wewe umemaliza kazi. Mimi yangu haijaisha.

MWALIMU: Mama...

MAMA MWALIMU: Ngoja. Sijasema sitaki. Nasema hujaniuliza ninataka kuona nini. Nataka kuona chai yangu inakwenda wapi. Naipeleka kituoni mbichi, lori linaichukua kwenda kiwandani Katumba, halafu siifahamu tena. Wanasema kuna mnada Mombasa, na sasa upo Dar es Salaam tangu 2023. Nataka kumwona anayeonja na kusema hii ni nzuri, hii ni mbaya, bei hii. Nataka nijue kwa nini. Ukinipeleka kwa njia hiyo, nitakwenda. Ukitaka kunizungusha nione milima, milima ninayo. Rungwe ule pale, mita 2,960, unatosha.

Kwa maneno hayo ramani ilibadilika, na kwa maoni yangu ikawa bora kuliko ile ya mumewe. Njia ya chai inapita Iringa na Morogoro hadi Dar es Salaam, inapanda Tanga, inavuka Horohoro na kuingia Mombasa, kwenye mnada wa chama cha wafanyabiashara wa chai wa Afrika Mashariki. Itahitaji hati za kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kibali cha muda cha gari kuingia Kenya na kadi ya njano ya bima ya COMESA. Inahitaji pia barua kutoka kwa chama cha wakulima wadogo wa chai, ili mkulima mwanamke kutoka Rungwe asiishie getini. Kusini, yaani Mtwara, Lindi na marafiki wa Tunduru, kutaingia wakati wa kurudi au mwaka unaofuata.

JIRANI: Na chai itachumwa na nani? Ukiacha mwezi mmoja, inaota juu ya meza, unaanza kupogoa upya.

MAMA MWALIMU: Ndiyo maana sitaondoka Machi wala Aprili. Juni baridi inaingia, majani yanapungua yenyewe. Juni hadi Septemba mtu mmoja anaweza kuchuma kwa nafasi. Mkeo atachuma, fedha ya majani ichukue yeye nusu, nusu iingie kwangu. Ng'ombe ahamie kwako, maziwa yenu, ndama akizaliwa tuzungumze.

JIRANI: Ndama jike?

MAMA MWALIMU: Jike tuzungumze zaidi.

Angalia jinsi kalenda ya mama huyu ilivyojibu maswali ambayo wengine walikuwa hawajayauliza. Miezi hiyohiyo ambayo chai inapumzika ndiyo miezi ambayo barabara zimekauka. Aliyetaka kusafiri kusini Mei 2024 anakumbuka mvua na kimbunga Hidaya vilivyokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, mabasi yakakwama siku kadhaa. Mama huyu hakuangalia utabiri. Aliangalia meza yake ya chai, akapata tarehe ileile. Novemba mvua inarudi Rungwe na majani yanaanza kukimbia, kwa hiyo tarehe ya kurudi nayo imejipanga.

BINTI: Mama, na kuendesha? Baba akipatwa na homa Chalinze, nani atashika usukani?

MWALIMU: Tutakodi dereva.

MUUGUZI: Mgonjwa hakodi dereva usiku. Wawe wawili wanaojua.

MAMA MWALIMU: Nina miaka 57. Wasichana wa VETA wanaendesha malori. Machi hii mpaka Juni, miezi mitatu, nitashindwa?

FUNDI: Hushindwi, Mama. Hiace ni nyepesi kuliko trekta.

MWALIMU: Kwa hiyo gari ninunue lini?

FUNDI: Usinunue bado. Kuna Hiace ya rafiki yangu, tukodi siku nne, tuweke godoro tu. Mshuke Matema, kule Ziwa Nyasa. Kutoka hapa hadi ufukweni mnateremka zaidi ya mita elfu moja, kwa Kikusya na Ipinda. Breki zitajulikana kwenye mteremko, joto na mbu vitajulikana usiku, na rejeta itajulikana mkipanda kurudi. Mkishindwa kulala pamoja kwenye kitanda hicho siku tatu, mmeokoa mamilioni.

Hoja ya fundi ndiyo ninayoiunga mkono bila masharti. Ziwa Nyasa liko saa chache tu, na kila kitu kitakachowasumbua Tanga kitawasumbua hapo kwanza, wakiwa karibu na nyumbani. Waende na jiko lao, dawa zao, choo chao. Waandike kila shilingi. Mama aendeshe sehemu iliyonyooka, akiwa na alama ya mwanafunzi na mwalimu wa udereva pembeni. Wakirudi, ndipo binti apigiwe simu kuhusu robo ya mkupuo.

MWALIMU: Basi wiki ijayo.

MAMA MWALIMU: Wiki ijayo kituo kinanunua majani Jumanne na Ijumaa. Tuondoke Ijumaa nikishapima.